Manowari za Ndege na Pwani za Wengine

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 25 Januari 1964, helikopta zilipaa kutoka kwenye sitaha ya meli iliyokuwa baharini mbele ya Dar es Salaam, zikapita juu ya minazi, zikatua uwanjani karibu na kambi ya Colito, ile tunayoiita leo Lugalo. Manowari ndogo ya Cambrian, iliyofuatana na meli hiyo, ilikuwa ikifyatua mizinga iliyopasukia hewani, ya kutia hofu tu. Makomando wa Kiingereza waliitaka kambi isalimu amri, na walipokataliwa wakalipiga kombora jengo la walinzi. Askari waasi wachache waliuawa. Kabla jua halijawa kali, maasi ya Tanganyika Rifles yalikuwa yamekwisha.

Meli iliyowaleta makomando ni HMS Centaur, manowari ya kubeba ndege. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za Dar es Salaam sehemu kubwa ya maisha yangu, na kila nilipofika mwaka ule wanafunzi waliuliza kuhusu mishahara ya askari, kuhusu Waziri Oscar Kambona aliyekwenda kambini kuzungumza na waasi, na kuhusu Mwalimu Nyerere alivyovushwa kwenda kujificha Kigamboni. Kuhusu meli hawakuuliza. Mimi ndiyo iliyonishika. Marehemu mjomba wangu, mvuvi wa Kunduchi, alikuwa akisimulia umbo lake: bapa juu kama meza, mlingoti na bomba la moshi vimesukumwa ubavuni. Katika maisha yake yote ya baharini hakuwahi kuona chombo cha namna ile, na hakukiona tena.

Hebu tuzipange tarehe, maana ndani yake mna jambo. Askari wa Batalioni ya Kwanza waliasi usiku wa kuamkia tarehe 20. Waliwakamata maofisa wao Waingereza, wakawapakia ndege hadi Nairobi, wakaingia mjini. Tarehe 21 batalioni ya pili, iliyokuwa Tabora, nayo ikaasi, na Tanganyika ilikuwa na batalioni hizo mbili tu. Centaur ilikuwa Aden. Ikapakia makomando wapatao 600 wa kikosi cha 45, magari yao na helikopta, ikang'oa nanga usiku wa kuamkia tarehe 21. Ombi la maandishi la serikali ya Tanganyika kwa Uingereza lilitolewa tarehe 24. Kwa hiyo meli ilikwisha kufika kabla ya ombi. Ilikaa nje ya upeo wa macho, kwenye maji ambayo hayana mwenyewe, ikisubiri neno.

Hiyo ndiyo nguvu ya manowari ya ndege, na haina haja ya kuelezwa kwa lugha ngumu ya kijeshi. Ndege za kutoka Nairobi zingehitaji uwanja wa kutua Dar es Salaam, na uwanja askari kumi na bunduki zao wanaweza kuufunga. Ndege za kutoka Aden zingehitaji ruhusa ya kila nchi iliyo chini ya njia yao. Meli haiombi njia. Inabeba uwanja wake, mafuta yake, mafundi wake na hospitali yake, inasimama mlangoni pa mtu, na mwenye nyumba huenda asijue kama ipo.

Mwaka uleule huko London palikuwa na mabishano makali kama Uingereza ilihitaji bado meli za aina hiyo. Makoloni yalikuwa yakiondoka, fedha zilikuwa zikipungua, na dola iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ikishuka kuwa taifa la wastani. Swali hilo halijafa. Linaulizwa mpaka leo Uingereza, Ufaransa, Italia, Thailand, Brazili, popote penye pwani ndefu na hazina isiyotosha. Karibu kila mara linaulizwa na wenye meli au wanaotamani kuwa nazo. Mimi nataka kulijibu nikiwa upande wa pwani ambayo meli zilijia.

Kabla ya Centaur, Mombasa ilikwisha kuonja jambo hili. Aprili 1942 manowari tano za ndege za Japani, chini ya Admeri Nagumo, ziliingia Bahari ya Hindi na kuipiga Colombo tarehe 5, kisha Trincomalee tarehe 9. Kundi la manowari za Uingereza chini ya Admeri James Somerville lilikuwa na manowari tatu za ndege, mbili kubwa na moja kongwe. Ile kongwe, Hermes, ilikutwa karibu na Batticaloa. Ndege zake zilikuwa zimeachwa nchi kavu, kwa hiyo ilipopigwa haikuwa na hata moja ya kuitetea. Ilizama na watu 307. Fikirini: meli iliyobuniwa tangu mwanzo kwa kazi moja, kurusha ndege, ikafa sitaha ikiwa tupu.

Somerville akarudi nyuma mpaka Kilindini. Kwa sehemu kubwa ya miaka miwili iliyofuata bandari ile ndiyo iliyokuwa makao makuu ya manowari za Uingereza katika bahari yetu. Shule ya Allidina Visram ilichukuliwa, madarasani wakakaa wataalamu wa kusikiliza na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Mei mwaka huo manowari za ndege Illustrious na Indomitable zilisaidia kuiteka Diego Suarez, kaskazini ya Madagascar, na baadaye vijana wetu wa jeshi la King's African Rifles (KAR) wakapelekwa kisiwani humo kupigana na Wafaransa ambao wao wenyewe hawakuwa na ugomvi nao.

Nililolichukua mimi katika mwaka ule wa 1942 ni hili: manowari chache za ndege mbele ya adui mwenye nyingi ni mzigo wa kuficha. Somerville alifanya la busara. Alizitunza meli zake kwa kuziweka mbali na vita ambavyo ziliundwa kuvipigana. Hapo ndipo taifa la wastani linapobanwa siku zote, maana lina moja au mbili, na haliwezi kumudu kupoteza hata moja.

Sasa turudi miaka ya sitini. Tarehe 22 Februari 1966, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Denis Healey, alitangaza kwamba manowari mpya kubwa ya ndege, iliyokuwa kwenye michoro tu kwa jina la CVA-01, haitajengwa. Waziri wa Jeshi la Majini, Christopher Mayhew, akajiuzulu. Mkuu wa jeshi hilo, Admeri David Luce, naye akajiuzulu. Hoja ya serikali ilikuwa ya fedha, lakini ilikuwa na nguzo ya pili ambayo vitabu vya Ulaya huipita haraka. Jeshi la Anga lilisema kazi ya meli hizo katika Bahari ya Hindi inaweza kufanywa na ndege za masafa marefu zikiruka kutoka visiwani. Visiwa havizami, walisema, wala havihitaji maelfu ya mabaharia.

Visiwa vipi? Hapo ndipo hesabu ya London inapotugusa. Tarehe 8 Novemba 1965, Uingereza ilikwisha kuunda koloni jipya, wakati dunia nzima ilikuwa ikiyafuta. Ilivitenga visiwa vya Chagos kutoka Mauritius, na Aldabra, Farquhar na Desroches kutoka Shelisheli, ikaviita Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Aldabra, kilomita zaidi ya 600 kutoka pwani yetu, ilipangiwa uwanja wa ndege za kivita. Kilichoiokoa Aldabra ni kobe. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipiga kelele kwa ajili ya kobe wakubwa wasiopatikana kwa wingi namna ile mahali pengine, mbunge Tam Dalyell akaifikisha kelele hiyo bungeni kwa maswali yasiyokwisha, na Novemba 1967, pauni iliposhushwa thamani, mpango ukafutwa. Mwaka 1976 Shelisheli, ikipata uhuru, ilirudishiwa visiwa vyake vitatu. Aldabra leo ni Urithi wa Dunia.

Chagos haikuwa na kobe wa kuitetea. Ilikuwa na watu. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wake wote, watu kati ya 1,500 na 2,000, waliondolewa ili Diego Garcia ikabidhiwe Marekani iwe kituo cha kijeshi. Wengine walikuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa au kununua mahitaji, wakaambiwa hakuna meli ya kuwarudisha. Wengine walipakiwa melini na mzigo mdogo. Mbwa wao waliuawa kwa moshi wa sumu. Walitupwa Port Louis na Mahé, watu wa minazi na uvuvi, bila kazi wala makazi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2019 kwamba kutengwa kwa visiwa hivyo hakukuwa halali, na Mei 2025 Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka, huku Diego Garcia ikibaki kituo cha kijeshi kwa mkataba wa miaka 99.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimesoma mabishano mengi kuhusu manowari za ndege, na mara nyingi kisiwa huandikwa kama njia rahisi. Njia rahisi kwa nani? Meli ya ndege ina gharama kubwa, lakini gharama hiyo hulipwa na walipa kodi wa nchi yake. Kisiwa kilionekana cha bei nafuu kwa sababu bei ilibandikwa kwa watu wa Chagos. Sisemi kwamba CVA-01 ingewaokoa. Marekani iliitaka Diego Garcia kwa mipango yake yenyewe. Nasema kwamba anayelinganisha gharama aziandike zote.

Na bahari haikuchelewa kuwajibu waliofuta. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wake Rhodesia Novemba 1965, na Uingereza ilitaka kuzuia mafuta yasimfikie kupitia bomba la Beira. Machi 1966, majuma machache tu baada ya tangazo la Healey, manowari za ndege Ark Royal na Eagle zilikuwa katika Mlango wa Msumbiji zikisaka meli za mafuta, kwa kuwa hapakuwa bado na uwanja wa nchi kavu wa kurushia ndege za doria. Baadaye zikapatikana ndege za Shackleton zilizokaa Majunga, Madagascar. Doria ya Beira iliendelea mpaka 1975. Smith hakukosa mafuta. Aliyapata kupitia Afrika Kusini na Lourenço Marques. Meli zilifanya kazi yake vizuri, na kazi yenyewe haikuzuia kitu.

Wanaozitetea manowari hizi wana hoja moja nzito, nayo ni vita vya Falkland. Siipuuzi. Mapema mwaka 1982 Uingereza ilikuwa imekubaliana kuiuzia Australia manowari yake Invincible kwa pauni milioni 175, na Hermes ya pili, dada wa Centaur, nayo ilikuwa ikihesabiwa siku. Tarehe 2 Aprili Argentina ikavamia visiwa. Tarehe 5 Aprili meli hizo mbili zilitoka Portsmouth zikiwa na ndege 20 za Sea Harrier. Uwanja wa karibu uliokuwa mikononi mwa Uingereza ulikuwa Ascension, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka huko. Bila zile sitaha mbili hakuna askari ambaye angeshuka pwani ya San Carlos. Aliyepanga kuuza alikuwa karibu kuiuza njia pekee ya kwenda.

Lakini itazameni na meli ya upande wa pili, kwa sababu Argentina nayo ilikuwa taifa la wastani lenye manowari ya ndege. Veinticinco de Mayo iliundwa Uingereza, ikatumiwa na Uholanzi, kisha ikauzwa Buenos Aires mwishoni mwa miaka ya sitini. Tarehe 2 Mei ilikuwa tayari kurusha ndege zake za Skyhawk dhidi ya meli za Waingereza, na upepo ukafa. Bila upepo wa kutosha na bila mwendo wa kutosha, ndege zenye mabomu hazingeweza kuruka kutoka sitaha ile. Siku hiyohiyo nyambizi ya Uingereza ikaizamisha manowari ya Argentina, Belgrano, watu 323 wakafa, na Veinticinco de Mayo ikarudi bandarini, haikutoka tena vitani. Ndege zake zikashushwa nchi kavu, na huko ndiko zilikoruka kwenda kuipiga manowari ya Uingereza, Ardent, iliyozama baada ya mashambulizi ya siku ile. Na ndege zilizobeba makombora ya Exocet, yaliyoiua Sheffield na Atlantic Conveyor, ziliruka kutoka uwanja wa Río Grande. Argentina ilipigana karibu na kwao. Uwanja wa nchi kavu uliifaa kuliko meli.

Hapo ndipo ninapoona jibu limelala. Katika vita vilevile, meli ya aina ileile ilikuwa kila kitu kwa yule aliyetoka mbali, na haikuwa na kazi kwa yule aliyekuwa karibu. Swali si ukubwa wa taifa. Swali ni je, taifa hilo lina shughuli gani kwenye pwani iliyo mbali na yake, na je, shughuli hiyo ni ya haki?

Australia ililijibu kwa maisha yake. Manowari yake ya ndege, Melbourne, iliikata katikati manowari nyingine ya Australia, Voyager, usiku wa tarehe 10 Februari 1964, siku 16 baada ya Colito. Watu 82 walikufa. Mwaka 1969 ikagongana tena, mara hii na manowari ya Marekani, wakafa 74. Meli hiyo haikurusha ndege hata moja kumpiga adui katika miaka yake yote. Uingereza ilipoghairi kuiuza Invincible, serikali mpya ya Canberra ikaamua mwaka 1983 kwamba haitanunua nyingine. Taifa lile, lililozungukwa na bahari kila upande, limeishi zaidi ya miaka 40 bila manowari ya ndege za kivita.

Thailand ilifanya kinyume. Iliagiza Chakri Naruebet kutoka Hispania, ikaipokea mwaka 1997, mwaka uleule sarafu yake ilipoanguka. Ndege zake za Harrier zilistaafishwa mwaka 2006, na tangu hapo meli imekuwa ya helikopta na ya kusaidia watu wa mafuriko, muda mwingi imefungwa gatini. Brazili iliinunua Foch ya Ufaransa mwaka 2000, ikaiita São Paulo, ikaungua moto, ikalala bandarini, ikauzwa ikavunjwe Uturuki, na Uturuki ikaikataa njiani kwa sababu ya vumbi la asbesto lililomo ndani. Februari 2023 Brazili yenyewe ikaizamisha katika Atlantiki, sumu zake zikiwa tumboni.

Uingereza sasa ina mbili mpya, Queen Elizabeth na Prince of Wales, kila moja tani 65,000, zilizogharimu pamoja pauni zaidi ya bilioni 6. Prince of Wales iliharibika mhimili wa rafadha Agosti 2022, muda mfupi tu baada ya kutoka Portsmouth. Queen Elizabeth ilipofunga safari yake kubwa mwaka 2021, kati ya ndege 18 za F-35 zilizokuwa juu yake, 10 zilikuwa za Marekani, na katika manowari zilizoilinda mojawapo ilikuwa ya Marekani na nyingine ya Uholanzi. Taifa la wastani lilimudu kujenga sitaha, halikumudu kuijaza peke yake. Kwa hiyo meli ile itakwenda mahali ambapo mwenzake mkubwa naye anataka kwenda. Mbunge wa London anayeipigia kura bajeti ya meli hiyo angeuliza hilo kwanza, kabla ya kuuliza bei ya chuma.

Nyerere alipokea somo lake mapema kuliko wote hao. Aliwashukuru Waingereza, wala hakuficha kwamba kuwaita lilikuwa jambo la aibu kwa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Februari 1964 mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ombi lake, na katika miezi iliyofuata askari wa Nigeria wakachukua nafasi ya Waingereza. Jeshi la zamani lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanza Jeshi la Wananchi wa Tanzania, vijana wakiandikishwa upya na maofisa wakiwa wa hapahapa. Baada ya hapo nchi ikajitafutia boti za doria, na mpaka leo kazi ya wanamaji wetu ni ya boti: magendo ya mkaa na pembe, wavuvi wa baruti, maharamia wa miaka ya karibuni, mpaka wa bahari na Msumbiji. Hata Wakenya walipoiteka Kismayu kutoka baharini Septemba 2012 walikwenda na meli ndogo, wakifuata pwani yao wenyewe kuelekea kaskazini.

Centaur ilitolewa katika kazi mwaka 1965, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya alfajiri ile, na mwaka 1972 ikavunjwavunjwa Cairnryan, Scotland.